Miche Mia Sita

Jumatatu, 11 Novemba

Madame Christiane amenipa daftari hili asubuhi, jalada gumu, nembo ya ofisi yao juu yake, akaniambia niandike kila siku hali ya miti. Nikamwambia miti yenyewe haijapandwa. Akasema basi niandike kwamba haijapandwa. Haya. Leo Jumatatu miti haijapandwa.

Atakayesoma ajue anayeandika ni nani. Mimi ni Nasoro, mchoma chokaa wa hapa Kakontwe, Likasi. Baba yangu alikuja kutoka Kasongo kuuza nguo, biashara ikamshinda, akajifunza kuchoma mawe. Tanuru alilojenga ndilo hili ninalolisimamia. Tuko watu kumi na wanne. Wanawake wanapasua mawe, wanaume wanayapanga pamoja na kuni, na mimi natazama moto siku tatu mfululizo mpaka jiwe liwe jeupe hadi ndani. Chokaa yetu karibu yote inanunuliwa na kiwanda kimoja cha shaba na kobalti. Madame Christiane anafanya kazi kwenye ofisi inayokinunulia chokaa. Ni binti wa Lubumbashi, umri wa mwanangu Fatou, na amevaa mabuti ya mvua tangu mwezi wa tisa wakati mvua haijaonekana.

Habari aliyoleta ni hii: watu wanaotengeneza magari ya betri huko Ulaya wanataka kobalti safi, na kobalti safi haiwezi kutoka kwenye chokaa chafu. Chokaa yetu ni chafu kwa sababu tunachoma kuni za porini. Kwa hiyo tupande miche mia sita ya akasia kwenye mteremko nyuma ya tanuru. Mwezi wa tatu mkaguzi atakuja. Akikuta miche mia nne na themanini hai, tunaendelea kuuza. Akikuta pungufu, kiwanda hakitachukua chokaa yetu tena.

Nilimwuliza kama kweli gari hilo halitoi moshi: "Madame, ile motokari ya Ulaya, banasema haitoshaka moshi?"

"Ndiyo, haitoshaka."

"Basi moshi yake njo hii ya kwangu."

Alicheka, akafungua karatasi zake.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua kidogo. Miti haijapandwa.

Jumamosi, 23 Novemba

Sasa nina karatasi tatu na kichwa kinaniuma. Ya kwanza ni ya Madame Christiane: msichome kuni za porini, chomeni kuni za miti iliyopandwa. Miti iliyopandwa wapi, sijui, kwa maana ndiyo kwanza tunataka kuipanda, na akasia inahitaji miaka saba hivi kabla hujapata gogo la maana. Ya pili imetoka ofisi nyingine: ukiwa na kibali unaruhusiwa kukata porini. Ya tatu imeletwa na vijana wawili wa mradi, pamoja na paneli ya jua yenye ukubwa wa meza ya chai. Nikawauliza kama hiyo paneli inaweza kuchoma mawe.

"Hapana, papa. Ni ya kuchargia telefone."

"Telefone ya nini?"

"Ya kupiga picha ya miti."

Nimezisoma zote tatu tena jioni, mke wangu Samira akiwa anachambua mchele. Akaniuliza zinasemaje. Nikamwambia zinasema tuendelee, tuache, na tupige picha.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua ya kweli imeanza. Leo tumepanda, watu wote kumi na wanne, na kuni zimekaa zikitungoja.

Sikujua kwamba sijui kupanda mti. Nilichimba shimo, nikatumbukiza mche, nikakanyaga. Mama Berthe akaja nyuma yangu akautoa. Huyu Mama Berthe ni mpasua mawe wetu, mjane, mtu wa kanisa la maombi, miaka tisa yuko nasi na sidhani kama tumeshawahi kuzungumza zaidi ya salamu na mawe. Amekulia shambani. Alinionyesha: unapasua mfuko wa nailoni kwanza, unafungua mizizi kwa vidole, unarudisha udongo wa juu chini na wa chini juu.

"Ukikanyaga vile, unaifunga pumzi," aliniambia.

Watu walicheka. Mimi sikupenda sana kufundishwa mbele ya watu wangu, lakini nilifanya alivyosema. Mpaka adhuhuri alikuwa ameshapanda safu nne peke yake, sisi wengine tunahangaika na ya pili.

Ijumaa, 6 Desemba

Mgongo.

Jumamosi, 14 Desemba

Miche mia sita imesimama. Nimeihesabu mara mbili. Madame Christiane amekuja na simu yake, akapiga picha, akafurahi kama aliyejifungua.

Idriss naye amerudi na lori la kuni. Ni mtoto wa mdogo wangu marehemu, ndiye dereva wetu. Zamani alikuwa anapata kuni ukitoka mjini tu, sasa anapita Kambove na kuendelea, siku nzima njiani. Alisimama na Madame Christiane wakitazama miche, na nyuma yao lori limejaa magogo ya porini yanayodondosha maji. Hakuna aliyetaja magogo. Mimi pia sikutaja.

Jumanne, 31 Desemba

Mvua. Miti iko salama.

Jumatano, 8 Januari

Siku sita hakuna tone. Jua kali katikati ya masika, mambo haya siku hizi hayaeleweki. Na mchwa wametokea. Leo nimekuta miche kumi na saba imekatwa shingo usiku, majani yamelala chini bado mabichi.

Ijumaa, 10 Januari

Thelathini na moja sasa. Madame Christiane anasema dawa ya dukani imekatazwa na watu wa Ulaya. Nikamwuliza kama mchwa wameandikiwa barua.

Jumapili, 12 Januari

Arobaini na tatu. Sijalala vizuri. Ninachoona kila nikifumba macho ni tanuru limezimwa. Baba yangu alilizima mara moja tu, mwaka wa vita, na nakumbuka jinsi watu walivyosimama mbele yake bila kujua mikono yao waiweke wapi.

Jumatatu, 13 Januari

Nimepata dawa, nayo ilikuwa mlangoni kwangu siku zote. Ni chokaa! Hapa Likasi chooni tunatia chokaa, ukutani chokaa, kwenye shina la mwembe chokaa, kwenye kaburi chokaa. Mchwa hapiti penye chokaa. Baba yangu alipaka miti yote ya barabara ya wakubwa wa kampuni zamani zile na hakuna hata mmoja ulioliwa.

Kuna fungu la unga wa chokaa kwenye kibanda, makapi ya chekecheo, limekaa wazi tangu Noeli. Chokaa ikitoka tanuruni ni kali: ukiimwagia maji inachemka na kuunguza. Lakini ikikaa wazi kwa muda inakunywa unyevu wa hewani na kupoa yenyewe. Nilichukua konzi moja kutoka juu ya fungu, nikaitemea mate kiganjani. Haikupata joto hata kidogo. Imepoa. Nikawaambia watu kesho kila mche utiwe konzi tatu, duara, karibu na shina.

Jumanne, 14 Januari

Tumetia. Mteremko mzima una duara nyeupe, unapendeza macho.

Mama Berthe alinisumbua kidogo. Watu walipokuwa wanapiga sepetu kwenye fungu, alikuja kwangu akiwa na kibonge mkononi, amekishika na kanga.

"Papa Nasoro, hii ya ndani ya fungu ingali vive, ingali kali. Tujaribu na maji mbele ya kuitia."

"Nilijaribu jana."

"Ulijaribu ya juu."

Nilimwambia neno ambalo sasa naliandika jinsi nilivyolisema: "Mama Berthe, minye nilizaliwa mu chokaa. Weye ulizaliwa mu mihogo."

Watu walicheka. Yeye alikitupa kile kibonge kwenye fungu, akachukua ndoo yake akaenda kutia kama wengine.

Jumatano, 15 Januari

Mchwa hakuna! Hata mmoja.

Alhamisi, 16 Januari

Mche hata mmoja haujakatwa. Nimemtumia Madame Christiane picha. Amejibu kwa vidole gumba vitatu.

Jumamosi, 18 Januari

Naandika Jumapili mambo ya Jumamosi, kwa sababu jana sikuweza.

Saa tisa alasiri wingu lilikuja kutoka upande wa Kamatanda. Tulifurahi. Wanawake walikusanya mawe yao, wanaume wakafunika kuni, na mimi nilisimama kwenye mlango wa kibanda nikisema alhamdulillahi, sasa miche itakunywa. Mvua ilipiga dakika tano hivi, matone makubwa. Ndipo nikasikia mlio. Sauti ndogo, chuu, chuu, kama mafuta yanapopokea kitunguu, lakini inatoka mteremko mzima. Halafu nikaona moshi mweupe. Kila mche ulikuwa unatoa moshi wake.

Nilielewa nini kinatokea kabla ya mtu yeyote, na sikukimbia. Hilo nalisema wazi. Mimi ambaye nimezaliwa ndani ya chokaa nilisimama mlangoni nikitazama. Aliyekimbia ni Mama Berthe. Alipanda mteremko mvua ikimpiga, akapiga magoti kwenye safu ya kwanza, akaanza kuchota chokaa kwa mikono yake na kuirusha mbali na mashina. Mikono mitupu, bila kanga, bila kijiti. Mche mmoja, mwingine, mwingine. Nilimpigia kelele aache. Hakugeuka. Wengine walimfuata na sepetu, lakini sepetu inakata mizizi, akawafukuza. Nilipofika kwake alikuwa ameshamaliza safu yake ya kwanza na nusu ya pili, na mikono ilikuwa haina rangi ya mtu.

Tulimwagia maji. Ndoo baada ya ndoo, maji mengi, kwa sababu kidogo ni mabaya zaidi. Hakulia. Alikuwa anasema jina la Yesu polepole, na kati ya jina na jina akaniuliza, "Safu ya tatu je?"

Idriss alimpeleka kituo cha afya kwa lori. Nilikwenda nao. Nesi alifunga mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akasema mwezi mmoja, labda miwili, na kupasua mawe asahau kwanza. Akauliza ni nani aliyempa chokaa hai ashike mkononi. Nilitazama sakafu.

Nyumbani nilichukua daftari nikakaa nalo. Samira alinitazama.

"Baba Fatou, umeunguza mikono ya mama wa batu, sasa uko unaandika?"

Nikalifunga.

Jumatatu, 20 Januari

Nimehesabu. Hai: themanini na nane. Karibu yote ni ya safu alizozichotea chokaa Mama Berthe. Mingine majani yamekuwa ya kahawia, ukigusa yanavunjika.

Sijamwambia Madame Christiane. Nimeandika hapa, na daftari ni lake, kwa hiyo labda nimemwambia.

Jumatano, 22 Januari

Nilikwenda kwa Mama Berthe na sukari na mafuta ya kupikia. Binti yake Orpa alinipokea. Yeye anamlisha mama yake kwa kijiko. Nilikaa, nikasema pole, nikasema pole tena. Mama Berthe alinijibu vizuri, akauliza habari za tanuru. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Nilitoka bila kujua kama ameniwia radhi au amenichoka tu.

Alhamisi, 6 Februari

Mvua kila siku. Tunachoma, tunauza, kiwanda kinachukua. Mambo yote kama kawaida, isipokuwa mteremko.

Pépinière zote, zile bustani za miche, nimepita, hakuna miche ya akasia mpaka msimu ujao.

Jumanne, 25 Februari

Idriss amesikia kwenye redio ya lori: serikali imesimamisha kupeleka kobalti nje, miezi minne. Nimekwenda mbio kwa Madame Christiane. Tumeambiwa tuwe safi ili kobalti iende, sasa kobalti haiendi, je, usafi unaendelea? Akasema shaba inaendelea, chokaa inahitajika kama kawaida, na mkaguzi tarehe yake haijabadilika. Nikamwuliza kama magari ya Ulaya yamesimama. Akasema hajui, Papa Nasoro, wallahi hajui. Huyu binti si Mwislamu. Nilianza kumwonea huruma.

Nikamwambia habari ya miche. Yote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ripoti yangu ya mwezi wa kwanza inasema zaidi ya mia tano," alisema. "Na picha zako. Kama ile ripoti ni ya bongo, ya uongo, na minye niko inje ya kazi."

Sikuwa nimewaza hilo. Nilidhani karatasi zinakuja kwetu tu, kumbe na yeye ana karatasi zinazomjia.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo umeanza. Mvua asubuhi.

Jumatatu, 10 Machi

Mkaguzi anakuja Alhamisi. Idriss amekuja na shauri lake.

"Baba mukubwa, tutakata matawi ya akasia kule ku barabara, tutayachomeka. Ule muntu iko na telefone, haiko na jembe."

Nilimwambia atoke mbele yangu, nimefunga. Akasema sawa, lakini niwaambie mwenyewe watu kumi na watatu waliobaki kwamba nimewaunguza mara ya pili. Aliniudhi sana kwa sababu aliongea kwa upole.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwuliza imamu kama tawi ni mti. Hakupenda swali. Akaniuliza liko kwenye jambo gani, nikasema kwenye jambo la chokaa, akasema yeye si mtu wa chokaa.

Jumatano, 12 Machi

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Idriss ameleta matawi nusu lori.

Ijumaa, 14 Machi

Ya jana, Alhamisi.

Alfajiri walichomeka. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, tawi linaingia kama kisu kwenye ugali. Ilipofika saa tatu mteremko ulikuwa mzuri kuliko siku yoyote ya kweli. Mama Berthe pia alikuja, bandeji zake sasa zimefupishwa mpaka kwenye vifundo vya mikono, vidole bado vimefichwa. Sikumwita. Alisema anataka kuona miti yake.

Mkaguzi anaitwa Monsieur Évariste, mtu wa Kinshasa, mnene, mpole, anasema Kifaransa na Kilingala. Kiswahili hajui, kwa hiyo Madame Christiane alikuwa katikati. Alisimama chini ya mteremko, akainua simu, akaizungusha polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Simu yenyewe ilihesabu. Mia tano na arobaini na mbili. Akanipa mkono. Alikuwa na furaha ya kweli, nilimwona, amekagua matanuru mengi yasiyo na hata jani moja.

Halafu akaomba daftari.

Idriss alikuwa ameniambia niseme limelowa. Lilikuwa mfukoni mwa koti langu, kavu. Nikampa. Kwa nini nilimpa, nimejiuliza tangu jana na sijapata jibu. Labda kwa sababu aliomba vizuri.

Alilifungua Januari, akampa Madame Christiane amsomee kwa Kifaransa. Mimi Kifaransa nakisikia kuliko ninavyokisema, na Madame Christiane hilo halijui. Alisoma siku za mchwa sawasawa. Alipofika kwenye chokaa alinyamaza. Nilimwona macho yake yanakwenda chini ya ukurasa, yanafika kwenye mvua, yanafika kwenye moshi. Kisha akatafsiri, kwa sauti ile ile: hapa mzee anasema walitia chokaa dhidi ya mchwa, mchwa wakaisha, na mvua ilipokuja miche ikanywa vizuri.

Monsieur Évariste alitikisa kichwa kwa kupendezwa. Mbinu ya wenyeji, alisema, hiyo ataiandika. Tumepona, niliwaza, na nikamshukuru yule binti kimoyomoyo.

Ndipo akamwona Mama Berthe. Akamsogelea, akamsalimu, akamtaka asimame karibu na mti ampige picha, mama wa Kakontwe na mti wake. Akaona bandeji. Akamwuliza Madame Christiane mama amepatwa na nini mikononi.

"Le thé," alisema Madame Christiane. Alimwagikiwa na chai nyumbani.

Monsieur Évariste akasema oh, pole, wanawake na majiko. Mama Berthe hakuelewa. Alikuwa anamtabasamia.

Sijui niandikeje kilichonipata. Uongo wa matawi niliuvumilia, uongo wa daftari niliushukuru, na chai ikanishinda. Hasira ilinipanda, mfungo wangu wote ukawa bure. Chai! Mikono ile iliingia kwenye moto wangu, leo inaambiwa haikujua kushika birika.

"Si chai!" nilipiga kelele. "Ni minye! Ni chokaa yangu njo ilimuunguza!" Na kwa kuwa Kifaransa changu ni kibovu na nilitaka aelewe, nilikwenda kwenye mti uliokuwa karibu, nikaung'oa kwa mkono mmoja, nikamwonyesha chini yake. Palikuwa pamechongwa kwa panga la Idriss. Nikang'oa wa pili. Nikang'oa wa tatu. Nilikuwa naendelea kung'oa wakati Idriss aliponishika mabega.

Monsieur Évariste aliokota tawi moja, akaligeuza, akaliweka chini taratibu. Akaomba daftari tena. Safari hii alipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akanirudishia, akasema kwa Kifaransa kwamba anasikitika, na namsadiki. Madame Christiane alitembea mpaka kwenye gari akakaa ndani na mlango wazi, mabuti yake nje kwenye matope.

Mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia mwepesi. Niligeuka kumtazama Mama Berthe, nikidhani atanitazama. Alikuwa ameshaanza kuteremka kwenda kwao.

Jumanne, 25 Machi

Barua imekuja. Ununuzi umesimamishwa mpaka mkaguzi arudi msimu ujao wa mvua. Miche hai iliyoandikwa: themanini na nane. Madame Christiane hakuileta yeye, kazi yake sasa inafanywa na kijana mwingine. Nilimpigia simu kumwomba radhi. Alipokea, akasema hajambo, yuko kwa mama yake Lubumbashi. Nikamwuliza kiwanda kitapata wapi chokaa.

"Ndola," alisema. "Inakuya na ma-camion."

"Kutoka Zambia? Na mazuti ya kuendesha lori njia yote ile? Ile ni moshi ya miti ngapi?"

"Ile inaandikwa ku colonne ingine ya ripoti, Papa Nasoro."

Moto wa mwisho wa tanuru ulizimika jana. Leo nimeweka mkono ukutani, bado vuguvugu.

Jumatano, 26 Machi

Idriss amepata kazi ya kubeba mawe ya kobalti Kamatanda. Ameniaga vizuri. Watu wengine wanapita upande wa pili wa njia wanaponiona.

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita. Samira alipika, hatukuwa na wageni wengi.

Leo nilikwenda kwa Mama Berthe. Nilichukua biskuti za Idi na nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kumwambia kwamba nilisema kweli kwa ajili yake. Nilidhani hilo lilikuwa jambo moja msimu huu wote nililolielewa.

Alikuwa amekaa nje kwenye kiti kifupi. Bandeji zimetoka. Ngozi mpya ni ya waridi, inang'aa, na vidole viwili vya mkono wa kulia havijikunji. Mbele yake kulikuwa na rundo dogo la mawe na nyundo, na alikuwa anajaribu kushika mpini kwa kiganja. Nyundo ilianguka. Akaiokota.

Nikayasema maneno yangu. Aliyasikiliza mpaka mwisho.

"Minye nilikuomba useme?" aliniuliza.

Nikasema hapana, lakini ile chai ilikuwa dharau.

"Chai ilikuwa inanifaa. Nani angenicheka juu ya chai? Ningepona, ningerudia ku mawe, Orpa angemaliza masomo. Sasa weye uko na kweli yako, na minye niko na nini?" Hakupandisha sauti. "Siku ya chokaa nilisema, hukusikia. Siku ya ule muntu nilinyamaza, ukasema ku nafasi yangu. Mikono ni yangu, Papa Nasoro. Si ya kwako ya kuunguza, na si ya kwako ya kuonyesha batu."

"Ulitaka nifanye nini?"

"Ungeniuliza."

Orpa alitoka ndani akachukua biskuti, akashukuru, kwa adabu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mgeni anavyotakiwa kusimama. Halafu nikarudi.

Nimekaa na daftari tangu alasiri. Mvua ya mwisho mwisho inanyesha, na miche themanini na nane inakunywa. Nilikuwa nimeshapanga: nitampa kazi ya kusimamia miche, nitampa Orpa nafasi ya kuandika humu badala yangu, nitawakusanya watu tuchimbe mashimo mapya mahali nitakapochagua. Nimeandika mipango yote hiyo kwenye ukurasa mmoja kisha nikauchana, maana hakuna hata mpango mmoja niliomwuliza Mama Berthe mwenyewe.

Kesho asubuhi nitakwenda kwake tena, mikono mitupu. Nitabisha, na nitamwuliza kwanza kama naruhusiwa kuingia.